Siku Niliyolilia Ng'ombe wa Watu

Naona bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa Bwire, kwa sababu Bwire akiisimuliaga anatia chumvi, anasema niligaagaa chini, na mimi sikugaagaa, nilipiga goti, tena goti moja tu. Aibu ninayo, sikatai. Hadi leo nikiona turubai la bluu limefungwa mahali, iwe sherehe, iwe mkutano wa kijiji, masikio yanapata moto, nasimama barabarani namuuliza mtu wa kwanza hapa kuna nini, namuuliza na wa pili, na wakitofautiana hata kidogo nageuza narudi nilikotoka.

Mimi naitwa Nyangeta. Nimezaliwa Musoma mjini, Nyasho, nimekulia hapohapo, lakini baba ni mtu wa Guta, kule Bunda, na mtu akiniuliza kwetu wapi nilikuwaga najibu "Guta" kifua mbele, utadhani jana tu nimetoka kupalilia pamba. Ukweli ni kwamba Guta nilikuwa naenda Krismasi, na si kila Krismasi, na nikienda nakaa kwenye nyumba ya baba yenye bati jekundu nachezea simu mpaka siku ya kurudi. (Misiba ya huko tulikuwa tunatuma rambirambi kwa simu, tunamaliza.) Hicho kifua mbele mkikumbuke, maana ndicho kilichoniponza.

Mwaka huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Butiama, nasoma kilimo, na hosteli nikapangwa chumba kimoja na msichana kutoka Vietnam aliyekuja kusoma na sisi mwaka mmoja mambo ya muhogo, kwa sababu wazazi wake wanalima muhogo na unawasumbua kwa magonjwa kama unavyotusumbua sisi. Jina lake Lan, ila jina linaloishia hewani namna hiyo wengi walishindwa, wakamwita Lani. Watoto wa pale jirani wao walimwita Mchina, na yeye kila siku anasimama, anainama kidogo, anawaeleza taratibu kwamba yeye si Mchina, kwao ni kwingine, wanamsikiliza mpaka mwisho, wanaitikia "sawa dada," halafu wanampungia mkono, "Kwa heri Mchina!"

Msidhani alitengwa. Wiki ya kwanza darasa zima lilitaka kupiga naye picha, na kila aliyemwalika nyumbani alimtendea vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo lilipokaa. Akifika kwa watu anatolewa kiti cha plastiki, kinafutwa kwa khanga ingawa ni kisafi, anawekwa kivulini peke yake, analetewa soda, "karibu mgeni, kunywa mgeni," halafu wanawake wote wanapotelea jikoni wanacheka huko, yeye amebaki anaangaliana na kuku. Mama yangu mwenyewe, Musoma, Lan alipojaribu kuingia jikoni kusaidia, alimfukuza kwa mwiko kabisa, "Hapana mwanangu, utaungua, kaa, kaa." Na mwezi wa pili wa kukaa kwake bibi yake alifariki, bibi aliyemlea, na nauli ya kwenda kumzika haikuwepo, tukampa pole chumba kizima, watu wakaja, wakasimama kidogo, na mtu akamletea, nisameheni, soda.

Jioni moja tunachambua mchicha pale nyuma ya hosteli (mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namruhusu kuchambua mchicha, na nilijiona nina huruma sana), akaniambia kwa kile Kiswahili chake alichojifunza kwenye kitabu, kisafi kuliko chetu, "Dada Nyangeta, nimekaa hapa miezi minne. Nimekunywa soda nyingi sana. Sijaosha sahani ya mtu hata moja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu anayeletewa kiti kila siku," akasema, "ni mtu ambaye wanasubiri aondoke." Akanionyesha kwenye simu barua aliyoandika ya kuomba kurudi kwao muhula ukiisha, badala ya kumaliza mwaka. Ilikuwa haijatumwa. Alikuwa anasubiri Jumatatu.

Jamani, moyo ulinishuka. Huyu ndiye aliyekaa na mimi zahanati tangu asubuhi mpaka jua linazama nilipougua malaria, ananimenyea machungwa na kuondoa hata vile vinyuzi vyeupe, na mama yangu mzazi hajawahi kuniondolea vinyuzi. Nikaona akiondoka huyu mimi nitakuwa nimebaki na watu wa kupiga nao picha tu. Na ilivyotokea, siku ileile usiku haujaingia tukapata taarifa kwamba Bwire, kiongozi wa darasa letu, amefiwa na bibi yake, na msiba uko kwao Guta.

"Lan," nikamwambia, "kuna mahali kwetu ambapo mwanamke haletewi kiti. Msibani, upande wa jikoni. Huko ukifika na kuni na unga, ukaingia na kilio, hakuna atakayekuuliza kabila. Unapewa kisu unamenya. Jumamosi twende."

Darasa lilikuwa limekodi gari la kuwapeleka wote pamoja mchana, lakini mimi nikasema sisi tutatangulia wenyewe, wenzetu wageni ndio wa kupelekwa kwa gari, mimi Guta ni kwetu.

Siku mbili nilikuwa namfundisha kuingia msibani. Nikamwambia huwezi kuingia kimyakimya kama mtu wa kusoma mita, unaanzia njiani, mikono kichwani, unamtaja marehemu, unauliza ametuacha na nani. Akaniuliza swali la maana, marehemu simfahamu, nitaliaje? Nikamwambia kila mtu ana wake, wewe mlilie wako.  Tukafanya mazoezi chumbani, mimi naanza "Yowee!" yeye anapokea, na tulikuwa tumenoga kweli, maana mama mlezi wa hosteli alikuja anakimbia na taulo kichwani, akasukuma mlango, "Nani? Nani amekufa?" na alipoambiwa ni mazoezi alituangalia mpaka nikaona haya. Hilo lilikuwa onyo, ila kichwa changu hakikuwa cha kupokea maonyo wiki ile.

Asubuhi ya Jumamosi akatoa kwenye sanduku kitambaa cheupe kirefu. Akasema kwao msibani ndugu wa marehemu wanafunga kitambaa cheupe kichwani, ndugu tu, mtu baki hafungi. Alikinunua Musoma sokoni bibi yake alipofariki, akakosa mahali pa kukifungia. "Leo nifunge, au nisifunge?"

Nikasema, "Funga."

Basi, tukatoka Butiama hadi Kiabakari, tukaunganisha hadi Bunda, pale tukanunua unga na mzigo wa kuni, tukapanda bodaboda mishikaki, mimi nyuma na kuni mgongoni, Lan katikati na unga mapajani na kitambaa chake kinapepea. Dereva akauliza Guta sehemu gani, nikajibu twende nitakuelekeza, nimezaliwa huko. (Uongo. Nimeshawaambia nilizaliwa wapi.) Tukaenda vizuri mpaka kwenye mashine ya kusaga, na pale njia inagawanyika mbili, moja kushoto, moja kulia, na zote mbili zinafanana, mashamba ya muhogo huku na huku, na mimi katika maisha yangu yote nilikuwa napita hapo nimelala kwenye gari la baba.

Dereva akapunguza mwendo. "Dada, tuulize? Yule mama pale anajua."

Mngekuwa nyinyi mngeuliza. Sekunde kumi tu, "shikamoo mama, kwa Bwire ni wapi," yameisha. Lakini Lan alikuwa ameshageuka ananiangalia na yale macho yake ya kuniamini, na mimi nikaona niulize njia ya kwetu, mbele ya mgeni wangu? Nikanyoosha shingo, kushoto kule juu ya miti nikaona turubai la bluu na moshi wa kuni. "Pale pale," nikasema. "Hujui turubai wewe? Kata kushoto."

Dereva akatushusha njiani, akageuza, akaondoka mbio kama mtu anayejua kitu. Mbele yetu wanaume wamekaa kimya chini ya turubai, nyuso nzito, na nyuma ya nyumba wanawake wamejifunga khanga wanazunguka kwenye masufuria makubwa. Niambieni nyinyi, hiyo picha ni ya nini? Nikaweka kuni chini, nikafumba macho (kilio cha heshima unafumba macho), mikono kichwani, nikafungulia.

"Yoweee! Yowe jamani! Bibi yangu! Umeondoka hujaniaga! Umetuacha na nani sisi!"

Na goti moja chini. Nyuma yangu Lan akapokea, na hapo ndugu zangu nilishtuka hata mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nalia cha mdomo, ila yeye kilitoka tumboni, akaanza kwa Kiswahili akamalizia kwa lugha yao, sauti inapanda inakatika, inapanda tena. Nikajisemea, huyu nimemfundisha vizuri.

Sasa ambacho sikukiona kwa kufumba macho ni hiki. Hapo hapakuwa na msiba. Ilikuwa siku ya kupokea mahari ya binti wa nyumba ile, anaitwa Neema, na wakwe walikuwa wametoka Buhemba. Wale wanaume walikuwa kimya kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamekwama kidogo kuhusu ubora wa ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wametembezwa kwa miguu kiangazi kikali, wamekonda jamani, na dakika ileile ninayofungulia mdomo, upande wa pili wa boma wanaingizwa zizini, na dume la mbele, mbavu zote nje, ndiyo kwanza linatoa kichwa. Kwa hiyo wakwe walichoona ni hivi: ng'ombe wetu katokeza, wanawake wawili wa upande wa binti wamemwona, wameangua kilio.

Mzee wa kofia ya pama, msemaji wa wakwe, akainuka. "Ala! Ng'ombe wetu ndiyo wa kuliliwa hivi?"

"Mzee, wamekonda kwa safari tu!" mmoja wa upande wa binti akadakia.

"Hapana! Hatukuja kusimangwa. Wageuzeni!"

Mimi nasikia makelele, nasema hao ni wafiwa, nikaongeza sauti.

Kumbe jikoni kilio kilishafika. Mama mwenye nyumba, Mama Mafuru, alikuwa na hofu yake tangu asubuhi, maana mwanawe wa kwanza, huyo Mafuru, anavua samaki kisiwani Rukuba, na alitakiwa awe amefika tangu saa tatu kupokea mahari ya dada yake, na simu yake haipatikani. Akatoka na mwiko mkononi, akaona mtu mgeni, sura ya mbali, kitambaa cheupe kichwani, analia. Kichwa chake kikamwambia huyu ni nesi, katumwa na hospitali. Mwiko ukadondoka. "Mafuru! Mwanangu Mafuru! Ziwa limenichukulia mwanangu!" Akaanguka chini, na wanawake wote walipoona mama mwenye nyumba ameanguka, nao mikono kichwani, uwanja mzima ukalipuka, hata Neema akatoka ndani na hina zake analia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema moyoni, ehee, sasa ndiyo msiba.

Aliyenyamaza wa kwanza ni Lan. Nikahisi ananivuta gauni.

"Dada Nyangeta," akaninong'oneza, amejaa makamasi, "kwenye msiba kuna puto?"

Nikafumbua jicho moja. Kwenye nguzo za turubai puto nyekundu na nyeupe, nyingi tu, na meza ina maua, na kreti ya soda imefungwa utepe. Nikafumbua na la pili.  Wazo langu la kwanza lilikuwa kukimbia, sitaki kuwadanganya, nilishapima kwa macho mpaka kwenye shamba la muhogo na nikaona ninafika.

Lan hakupima kitu. Alivuka uwanja ule na watu wanavyolia, akapiga magoti mbele ya Mama Mafuru, akavua kitambaa chake cheupe, akawa anamfuta mama wa watu vumbi usoni. "Mama, usilie. Hakuna mtu aliyefariki. Mimi si wa hospitali, mimi ni mwanafunzi. Sisi tumepotea njia. Samahani sana, mama."

"Mafuru wangu yuko wapi?"

"Simjui Mafuru. Sijasikia habari yoyote yake. Kwa hiyo, tafadhali, usimlilie."

Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, lakini Mama Mafuru hakunyamaza, kwa sababu hata kama sisi ni wapotevu tu, mtoto bado hajafika na simu bado haipatikani. Wakapiga, haipatikani. Wakapiga tena. Mama yule ameshika mkono wa Lan hauachii, anarudia, "Kweli hamkuambiwa kitu njiani? Kweli?" na hapo ndipo aibu iliniacha nikabaki na kitu kibaya zaidi ya aibu, maana niliona nimemtia mtu mzima uchungu wa mtoto kwa sababu tu nilishindwa kusema shikamoo mama naomba kuuliza. Nilitamani nife mimi, angalau msiba ule upate mwenyewe.

Ndipo pikipiki ikaingia. Juu yake kijana ana ndoo ya sato mapajani, anatabasamu, akamwona mama yake chini vumbini na watu wote machozi. Ndoo ikaanguka, sato wakatawanyika. "Nani? Ni baba? Baba amekufa?" Na yeye akaweka mikono kichwani akaangua kilio chake! Mafuru mwenyewe! Mtu anayeliliwa amefika msibani kwake na anasaidia kulia! Mama yake akanyanyuka kama hajaanguka, akamzaba kofi, akamkumbatia, akamzaba jingine, "Simu umezima ya nini? Ya nini?"

"Imeisha chaji, mama! Nani amekufa?"

"Hakuna!" uwanja mzima ukajibu.

Macho yote yakanigeukia mimi. Akatoka mama mmoja mnene mwenye sauti, ndiye shangazi wa bibi harusi, Shangazi Nyabwire, akaja mpaka karibu.

"Haya. Mlikuwa mnaenda wapi?"

"Msibani, shangazi. Kwa kina Bwire."

"Kwa kina Bwire ni kulia pale kwenye mashine. Mmekata kushoto. Hamkuuliza?"

"Nilijua napajua," nikasema. "Guta ni kwetu."

"Kwenu?" Akanikagua kuanzia viatu. "Wewe ni wa nani?"

Nikamtaja baba. Nikaona anatafuta kichwani, hapati, wenzake nao hawapati, mpaka nikasema, "Wenye nyumba ya bati jekundu."

"Aaah! Wale wa Musoma." Basi, hakuniuliza zaidi. Akamgeukia Lan. "Na wewe mwanangu? Huyu alikuwa anapiga kelele tu, nimemsikia. Wewe ulikuwa unalia kweli. Ulikuwa unamlilia nani?"

Lan akakikunja kile kitambaa mara mbili, mara tatu. "Bibi yangu," akasema. "Alifariki nikiwa hapa. Sikumlilia. Sikujua hapa mtu analilia wapi."

 Yule mzee wa kofia ya pama, mwenye hasira kuliko wote, akavua kofia yake. "Pole sana mwanangu," akasema. Akakohoa. "Kwa hiyo... aliyekuwa analiliwa ni bibi. Si ng'ombe."

"Ni bibi, mzee," Lan akajibu. "Ng'ombe wenu ni wazuri." (Hawakuwa wazuri. Ila ndivyo alivyolelewa.)

"Mmesikia?" mzee akawageukia wenzake. "Anayejua ng'ombe amesema. Warudisheni zizini." Na watu wakacheka, kwanza kidogo, halafu Mama Mafuru akacheka huku bado anafuta machozi, halafu wote, na Mafuru akaenda kuokota sato wake.

Shangazi Nyabwire akamshika Lan mkono. "Bibi yako umeshamlilia, hapa Guta, na watu tumekusaidia, hata mwanaume huyu kasaidia. Yameisha. Sasa njoo ushike kisu, vitunguu havijakatwa na mmetuchelewesha." Akamvuta kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Mimi nikanyanyua mzigo wetu wa kuni nikafuata nyuma yao, kichwa chini, nikisema moyoni nitaosha vyombo vyote vya kijiji hiki mpaka wanisamehe.

"Wewe unaenda wapi?"

"Nije nisaidie, shangazi."

"Hapana, hapana, utachafuka." Akapaza sauti kwa mabinti, "Huyu mtoto wa bati jekundu ni mgeni, mleteeni kiti!"

Na kiti kikaja. Cha plastiki. Wakakifuta kwa khanga ingawa ni kisafi, wakaniweka kivulini, kando peke yangu, na kabinti kakaniuliza kwa adabu zote, "Mgeni unakunywa soda gani?"

Nilikaa pale, soda mkononi, naangaliana na kuku. Kutoka pale nilikuwa naona jikoni kidogo tu, kipande, lakini nilikuwa nasikia. Nilimsikia Shangazi Nyabwire anafoka, "Vitunguu gani hivi vikubwa, unalisha mbuzi? Kata vidogo! Na hilo sufuria umeligeuzaje? Hivi kwenu hampiki?" Na nikamsikia Lan anacheka, kicheko ambacho chumbani kwetu sikuwahi kukisikia, kwa sababu mgeni hafokewi, na yeye alikuwa anafokewa vizuri sana. Ilinichoma na ilinifurahisha kwa pamoja, sijui niseme nini zaidi.

Habari kijijini hazina miguu lakini zinafika, na haikupita saa Bwire akaja mwenyewe kwa miguu kututafuta. Akaniona kwenye kiti. Akaona soda. Akaangalia jikoni akamwona Lan na masizi mpaka kwenye pua. Mimi nikaanza, "Pole kwa msiba, Bwire," na yeye akacheka mpaka akachuchumaa, akashika nguzo ya turubai, na dada zake wakaja kuniambia baadaye kwamba tangu bibi alazwe alikuwa hajacheka. Hicho ndicho kitu pekee nilichopeleka kwenye ule msiba. Jua lilipopoa, Mama Mafuru na wenzake wakajifunga khanga nyingine, wakabeba unga wetu na maharage yao, wakaenda kwa kina Bwire, Lan katikati yao, na mimi nyuma kabisa. Pale kwenye mashine ya kusaga waliingia ile njia ya kulia bila kufikiri.

Jumatatu ilifika na ile barua haikutumwa. Lan alimaliza mwaka, na kila Jumamosi iliyokuwa na jambo Guta, la furaha au la majonzi, alikuwa anaondoka Butiama asubuhi na kurudi ananuka moshi. Mimi nilikuwa simfuati, nilikuwa naona aibu.

Alirudi kwao mwaka jana. Wanawake wa Guta wana grupu lao kwenye simu, Lan yumo, mimi niliomba kuingizwa nikaambiwa limejaa. Sasa wiki mbili zilizopita simu inaita, ni yeye, kule kwao kumeshaanza kuingia giza. "Dada Nyangeta! Neema amejifungua, yuko nyumbani kwao kwa mama yake. Jumapili kina mama wanakwenda kumpelekea uji. Wewe utakwenda, sivyo?"

Nilikuwa sijui hata kama Neema ana mimba. Nikamuuliza kwa sauti ya chini mtu aliyeko Vietnam, "Lan... kwa kina Neema nipitie wapi?"

"Kwenye mashine ya kusaga, kushoto," akasema. "Na ukifika usisimame pale mbele. Wakikuona watakuletea kiti. Pita nyuma."

Nilikwenda. Nilimuuliza njia mama wa kwenye mashine, nikamuuliza na mtoto wa kwenye mashine, ingawa nilikuwa nimeshaelekezwa, na nimeapa nitakuwa nauliza mpaka siku watakayonizika huko. Nikapita nyuma, jikoni, nikasema shikamooni. Shangazi Nyabwire akaniangalia muda mrefu. Halafu akanirushia dodoki. "Sufuria lile pale. Na usuuze vizuri, mtoto wa bati jekundu."

Nikapiga picha mikono yangu ina masizi mpaka kwenye viwiko, nikamtumia Lan. Akajibu hapohapo, "Soda umepewa?"

Nikamwandikia, sijapewa.